Mkutano wa Kila Juma ni Afya ya Chama

*Hotuba iliyosomwa na Katibu wa mojawapo ya vyama vya msingi, mbele ya wanachama na watumishi, katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu*



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu siku hii ambayo Chama chetu Kikuu kinatimiza miaka kumi. Walionitangulia wamesema juu ya korosho tulizouza, maghala tuliyojenga na bei tulizopata mnadani, nao wamesema vema. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo lisiloweza kupigwa picha na kutiwa katika kitabu hiki, nalo ni namna watumishi wa chama wanavyoketi pamoja na kusemezana juu ya kazi yao.

Pengine mkulima aliyetoka mbali ataniuliza, "Bwana Katibu, hayo ya watumishi yanihusu nini mimi? Mimi nataka malipo yangu." Swali lake ni la haki, nami nitalijibu. Ila kwanza nataka neno langu lijulikane tangu mwanzo, ili asiyeweza kungoja mwisho aondoke nalo. Chama ambacho watumishi wake hukutana kila juma, siku ile ile na saa ile ile, wakaambiana kweli bila hofu, chama hicho kina afya. Chama ambacho watumishi wake hukutana siku ya msiba tu, hicho ni mgonjwa, hata kama ghala lake limejaa mpaka darini.

Mikutano tuliyo nayo, na ule tulioukosa

Sheria ya Vyama vya Ushirika, Na. 6 ya mwaka 2013, imetuwekea mikutano yetu mikubwa. Tunao Mkutano Mkuu, ambao ndio wenye mamlaka ya juu. Huko mwanachama husikiliza hesabu, hupitisha makisio ya mapato na matumizi, huweka ukomo wa madeni, na huchagua wajumbe wa Bodi. Tunayo Bodi nayo, ambayo hukaa kwa nyakati zake na kuamua mambo makubwa ya chama. Mikutano hii ni nguzo za nyumba, wala simo katika kuidharau.

Lakini, ndugu zangu, Mkutano Mkuu hauwezi kumsaidia karani aliyesimama kwenye mizani saa kumi na moja jioni, mbele yake wakulima hamsini waliochoka, nyuma yake lori linalonguruma. Bodi haiwezi kujua leo kwamba magunia matupu yaliyofika jana ni pungufu. Mambo ya namna hiyo huzaliwa Jumanne na hukomaa Ijumaa. Yakingoja Mkutano Mkuu, yatakuwa yameota mizizi. Mkutano tulioukosa katika vyama vingi ni ule mdogo wa watumishi wenyewe: katibu, mhasibu, karani wa mizani, mtunza ghala, dereva, wachukuzi na mlinzi wa usiku.

Tuliyoachiwa na waliotangulia

Fikra hii si ngeni katika ushirika. Sote tumefundishwa habari za wale watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao mafundi wa kufuma nguo, waliofungua duka lao dogo tarehe 21 Desemba mwaka 1844 wakiuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Husifiwa kwa sababu ya kura moja kwa kila mwanachama na kwa sababu ya kugawana ziada. Lakini katika kanuni zao za mwanzo kuna jambo ambalo watu hulipita upesi. Waliandika kwamba wakuu wa chama watakutana kila Alhamisi usiku, saa mbili, katika chumba kilichotajwa kwa jina na mtaa wake. Mikutano ya wanachama wote waliiweka mara nne kwa mwaka. Tazameni, walikuwa na mtaji mdogo na rafu chache, lakini siku ya kukutana waliitia katika kanuni, wasiiache mikononi mwa yule atakayejisikia kuita mkutano.

Hapa kwetu, sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakapata chama chao kikuu. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana chini ya shirikisho moja kubwa. Ushirika ukakua kama mti uliopandwa penye maji. Lakini mwaka 1966 ilibidi Rais aunde kamati ya kuuchunguza, kwa kuwa malalamiko yalikuwa yamezidi. Miongoni mwa kasoro zilizoonekana ni kwamba wanachama wengi hawakuwa na habari za kutosha juu ya mwenendo wa vyama vyao, na kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua tena mlango wa kuvirudisha.

Sisemi kwamba vyama vile vilivunjwa kwa kukosa mikutano ya watumishi. Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa za siasa ya nchi. Nasema kwamba pale ambapo habari haitembei, chuki hutembea badala yake, na chama kilichojaa chuki hakina mtetezi siku ya shida.

Hata wazo la mtumishi mdogo kusikilizwa na mkuu wake tunalo tangu zamani katika nchi hii. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Basi hatuna haja ya kuazima mwalimu. Yatutosha kutenda tuliyokwisha kujifunza.

Safari ya gunia moja

Sasa namrudia yule mkulima aliyeniuliza yamhusu nini. Na afuatane nami katika safari ya korosho zake.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika katika zao letu mwaka 2007, chini ya sheria ya mwaka 2005, korosho hazipiti mkono mmoja. Mkulima huzileta kwenye chama cha msingi. Karani huzipima, mwingine hutazama ubora na ukavu wake, wa tatu huandika stakabadhi. Wachukuzi hujaza magunia, mtunza ghala huyapokea, dereva huyapeleka kwenye ghala kuu. Huko hupimwa tena, hati huandikwa, mnada hufanywa. Fedha za mnunuzi hupitia benki mpaka zimfikie mwenyewe kwa jina lake na nambari yake ya akaunti. Hesabuni mikono hiyo. Mmoja akikosea tarakimu moja ya akaunti, mkulima atasafiri mara tatu kwenda benki na kurudi mikono mitupu, ataambiwa "fedha zako zimerudi," naye hatajua zimerudi wapi.

Natoa mfano, wala chama chenyewe sitakitaja. Lori liliondoka na magunia 200, kila moja limeandikwa kilo 80, yaani kilo 16,000 kwa jumla. Kwenye ghala kuu mizani ikaonyesha kilo 15,760. Kilo 240 hazikuonekana. Hizo ni magunia matatu kamili. Kwa tajiri ni kidogo. Kwa mama mwenye shamba dogo yaweza kuwa mavuno ya mwaka, na ndani yake mna ada ya mtoto na bati la nyumba.

Kabla ya jua kutua minong'ono ilikuwa imekwisha kufika kijijini. Kijana wa mizani akatazamwa kwa jicho la wizi. Mtu mmoja akasema amemwona na viatu vipya. Dereva naye akasemwa. Kila mtumishi akaanza kujilinda, akashika kauli yake na kunyamaza.

Bahati njema, chama kile kilikuwa na desturi ya kukutana kila Jumatatu asubuhi, na desturi ya kuanza kumpa neno yule aliye mdogo kwa cheo. Mlinzi wa usiku akasema kwamba tangu Alhamisi aliona mizani imehamishwa kutoka sakafu ya saruji hadi chini ya mwembe, kwa sababu ya jua kali, nayo ilisimama juu ya mchanga. Hakuwa amelisema jambo hilo kabla, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, na kwa kuwa si kazi ya mlinzi kusema habari za mizani. Dereva akaongeza kwamba magunia ya safu ya chini aliyoyapakia yalikuwa mazito na yenye unyevu, kwani yalipokelewa siku ya mvua. Wakatoka nje wote pamoja, wakachukua jiwe la kupimia la kilo 20, wakalipima chini ya mwembe, kisha wakalipima kwenye saruji. Mizani ikatoa majibu mawili.

Hasara ile haikufutika. Iliandikwa, ikapelekwa kwenye Bodi pamoja na maelezo yake, kama ilivyo haki. Lakini tazameni iliyoepushwa. Lau kosa lile lingeendelea kwa malori ishirini ya msimu, chama kingepungukiwa kilo 4,800, yaani magunia 60, na wanachama wangezilipa. Kijana yule alibaki na heshima yake, na chama hakikupoteza karani mwaminifu kwa ajili ya viatu vipya. Na haya yalipatikana kwa maneno machache ya mzee mlinzi, ambaye katika vyama vingi hajapata kuulizwa lolote ila "Umelala?"

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Basi kazi ya mkutano wa juma ni kukivunja kimya kile kingali kidogo.

Namna ya kuuendesha

Ndugu Makatibu wenzangu, mkutano mzuri hautaki elimu kubwa. Wataka utaratibu. Nayaleta haya kama ninavyoyaona yanafaa.

Kwanza, siku na saa ziwekwe, zisibadilike. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, kabla mizani haijafunguliwa, ni wakati mwema. Mkutano usizidi saa moja. Mkubwa akichelewa, wengine waanze, naye akute kazi inaendelea.

Pili, jambo la kwanza kusomwa liwe ahadi za juma lililopita. Nani aliahidi kuleta kamba za kushonea magunia? Zimekuja? Nani aliahidi kwenda benki kuuliza majina yaliyokataliwa? Amejibiwa nini? Mkutano usiosoma ahadi zake ni mazungumzo ya kupunga upepo, na baada ya majuma matatu watu huona hakuna faida wakaacha kuja.

Tatu, kila mtumishi apewe nafasi, na zamu ianzie chini. Mkuu akitangulia kutoa rai, wadogo watamwitikia "ndiyo, Bwana," na kikao kitakuwa kimekwisha kabla hakijaanza. Mkuu aseme mwisho. Kina mama wanaochambua korosho waketi pamoja na wengine, wala wasiachwe nje kupika chai, maana wao ndio wanaozishika korosho kwa mikono na kuujua ubora wake kabla ya mtaalamu.

Nne, kila shida iliyosemwa iandikwe pamoja na jina la mwenye kuishughulikia na siku ya kuimaliza. Mali bila daftari hupotea bila habari; na maneno ni hivyo hivyo. Kitabu cha kumbukumbu kiwe kimoja, chenye kurasa zilizotiwa nambari, na Mjumbe yeyote wa Bodi akitaka kukisoma asizuiwe.

Tano, yale yanayomhusu mwanachama yatolewe yakabandikwe ubaoni siku ile ile: kilo zilizopokelewa, kilo zilizopelekwa ghala kuu, siku ya mnada, na makato yaliyoidhinishwa. Mkulima anayesoma mwenyewe ubaoni hatakuwa na haja ya kuuliza kilabuni.

Mambo ya kuepuka

Mkutano huu waweza kugeuka sumu, na yafaa niseme wazi namna unavyogeuka.

Usifanywe mahakama. Mtumishi mwenye kosa la tabia, aliyelewa au aliyechelewa, aitwe faraghani aonywe kwa adabu. Mwenye kushukiwa wizi apelekwe mbele ya Bodi na sheria, wala asihukumiwe kwa vidole vya wenzake. Tukimwaibisha mmoja Jumatatu hii, Jumatatu ijayo wote watakuwa mabubu. Mtu aliyekiri kosa la kazi mapema, kabla halijaleta hasara, ashukuriwe mbele ya wote, hata kama moyo wa mkuu unawaka. Shukrani hiyo moja italeta kweli nyingine kumi.

Tena usifanywe mahali pa posho. Nasema hili nikijua halipendezi. Mkutano wa juma ni sehemu ya kazi, kama kufagia ghala ni sehemu ya kazi. Siku tutakapoulipia, tutaanza kuuitisha kwa sababu ya malipo, na siku fedha zitakapokwisha utakufa.

Na usiwe mahali pa kusoma amri tu. Ikiwa katibu ana matangazo matupu, na ayabandike mlangoni.

Jibu kwa wenye shaka

Wako wasemao, "Wakati wa msimu hatuna nafasi." Nawajibu kwamba wakati wa msimu ndipo makosa huwa mengi na ghali. Mwenye shoka butu husema hana nafasi ya kulinoa, naye hushinda mtini mpaka usiku.

Wako wengine, hasa vijana wenzangu, wasemao, "Tunalo kundi letu la WhatsApp, habari zote zimo humo." Kundi hilo ni jema kwa kupeleka habari kwamba lori limefika. Lakini simu haionyeshi uso wa mtu. Yule mzee mlinzi hayumo humo, na lau angekuwamo asingeandika. Tena lililoandikwa kwa hasira usiku husomwa kwa hasira asubuhi. Watu wakiketi uso kwa uso, mmoja huona mwenzake ameinamisha kichwa, akamuuliza, "Una nini?" Mambo mengi ya chama yameokolewa na swali hilo.

Wako pia wakubwa wachache wanaohofu kwamba mtumishi akizoea kusema atawavunjia heshima. Wazee wetu walipoketi barazani, kijana alikuwa na namna yake ya kutoa neno, na mzee alikuwa na namna yake ya kulipokea. Wote wawili walikuwa na adabu. Heshima ya mkuu haipungui kwa kusikiliza. Hupungua siku anapokuwa mtu wa mwisho kujua habari ambayo kijiji kizima kimekwisha kuijua.

Ombi langu

Bwana Mwenyekiti, miaka kumi si mingi katika umri wa chama. Tumejifunza kusimama, bado tunajifunza kwenda. Bei ya korosho hatuitawali. Mvua hatuitawali, wala ugonjwa wa mikorosho hatuutawali ila kwa dawa na juhudi. Lakini namna tunavyosemezana sisi kwa sisi katika nyumba yetu, hilo liko mikononi mwetu kabisa, wala halina gharama ila saa moja na daftari moja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kiandike katika kumbukumbu za Bodi yake siku na saa ya mkutano wa watumishi kabla ya msimu ujao kufunguliwa, kama walivyoandika wale watu wa Rochdale Alhamisi yao. Pili, maofisa wa Chama Kikuu wanapokuja kukagua ghala na vitabu vya fedha, wakiulize na kitabu cha mkutano wa juma, wakisome. Tatu, ninyi wanachama, msituone tumefunga mlango saa moja ile ya Jumatatu mkadhani tunapoteza wakati wenu. Tungojeni. Na tukitoka, tuulizeni tumeamua nini, kwa maana kuuliza si ujinga, na chama ni chenu.

 Mungu akibariki Chama chetu, na Ushirika udumu.